Mrejesho: mimi na mume wangu kwa mwanasaikolojia wa mtandaoni

Miezi minne iliyopita niliwauliza kama inafaa mimi, niliyeko Kisauni, Mombasa, na mume wangu, anayefanya kazi Qatar, kumwona mwanasaikolojia kwa njia ya video, ilhali tulikuwa hatuzungumzi ila kuhusu karo na kodi ya nyumba. Tulijaribu.

Nilitarajia hakimu. Badala yake, katika kikao cha kwanza alimuuliza kila mmoja anataka nini kibadilike, akayaandika malengo kwa maneno yetu wenyewe, kisha akatueleza kwamba mwanasaikolojia Mmarekani Edward Bordin, alipoandika mwaka 1979 juu ya ushirikiano wa mtaalamu na mteja, alitaja mambo matatu: kukubaliana malengo, kukubaliana kazi za kufanya, na kuaminiana. Kila kikao kikiisha hutuuliza kilichotusaidia na kilichotukera. Mume wangu, ambaye jibu lake siku zote ni "sawa tu", safari ya tatu alisema wazi kwamba anaharakishwa, na mwendo ukapunguzwa. Kila mmoja ana pia kikao chake cha faragha, na tulikubaliana mapema siri zipi zitabaki humo.

Siku moja umeme ulikatika, nikamalizia kikao garini mwa dada yangu, simu nimeiegemeza kwenye usukani, jasho likinitiririka.

Kwa aliyeniuliza kuhusu usajili wa mwanasaikolojia huyu: Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, nami nilimwomba cheti chake kabla ya kulipa. Hakuchukia. Tumebakisha vikao viwili.