Tupeane uzoefu: nani aliwahi kushuhudia wenzake wakianguka mapepo bwenini?

Kandambili: Wakuu salaam. Nimetumiwa video ya mabinti wa shule moja ya bweni wanabebwa mzegamzega huku wanapiga mayowe, nikakumbuka mbali. Watu wa saikolojia wanaita histeria ya umati. Mtu anatetemeka kweli, anazimia kweli, ila daktari akipima haoni kitu, na inaambukizwa kwa kuonana na kusikiana tu. Mliosoma bweni, shukeni.

Nyundo: Histeria kitu gani, hayo ni majini. Shule zinajengwa juu ya makaburi halafu mnaleta uzungu.

Mama Pili: Yaani umenikumbusha! Sisi ilianza wiki ya moku, mtihani wa majaribio. Tuko prepo usiku, umeme umekatika, tunasomea karabai. Binti mmoja akasimama, akaelekeza kidole dirishani: "Ananiita!" Akaanguka. Jirani yake akafuata, kisha benchi zima, wengine wanakimbilia uwanjani hawajui waendako. Metroni akaja na ndoo ya maji, anamwagia kila aliyelala chini. Kesho yake wakaletwa waombeaji, na hapo ndipo palipoharibika. Wanamkandamiza binti chini, wanamfokea: "Mtaje aliyekutuma! Mtaje!" Unadhani atamtaja nani? Akamtaja bibi aliyekuwa anatuuzia vitumbua getini. Mchana ule ule vijana wa kijijini wakamvamia, sinia lake likapigwa teke, vitumbua mchangani, yeye amejifunika kanga kichwani analia "wanangu, wanangu". Mgambo ndio walimwokoa. Na kuanguka kuliendelea vile vile mpaka tulipofungiwa shule.

Kipara: 😳 Huyo bibi aliishia wapi?

Dogo Janja wa Mbagala: Mimi nipo hapa kwa ajili ya bibi wa vitumbua tu.

Mama Pili: Alihama. Sijui alikokwenda.

Mhaya Halisi: Msisahau wenyewe tulitangulia. Kashasha, mkoani Kagera, Januari 1962, shule ya wasichana ya misheni. Wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko, shule ikafungwa Machi 18. Walimu hawakuguswa. Watu huidhania vichekesho, kumbe wale watoto walikuwa wanalia, wanakimbia kwa hofu, kicheko kinaisha kinarudi. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu wakatoka kapa.

Kipara: Wahaya hata kucheka mnataka muwe wa kwanza 🤣

Nyundo: Sawa, basi mbona wanaanguka mabinti tu? Majini yanachagua.

Mhaya Halisi: Shule ilipofungwa, mabinti wa Nshamba walirudi kwao, na Aprili na Mei walishikwa watu 217 pale kijijini, vijana wa kike na wa kiume. Jini lako lilipanda gari pamoja nao?

Nyundo: Dharau hizo peleka kwenu.

Mwalimu wa Zamu: Punguzeni jazba. Nimekaa shule za bweni miaka mingi. Huwa inakuja mitihani ikikaribia, chakula kibovu, au mkuu wa shule mkali kupindukia. Mtoto hana pa kusemea, mwili unamsemea. Wa kwanza mtoe haraka, mpeleke sikubei, chumba cha wagonjwa cha shule, akae na mtu mmoja mtulivu. Ondoa watazamaji. Usimwite mwongo, maana haigizi. Ila asije akawa na kifafa au malaria imepanda kichwani, kwa hiyo apimwe kwanza.

Bi Mkubwa: Vipimo fanyeni, na dua pia msomeeni. Dua haijawahi kumuua mtu.

Mama Pili: Dua sawa. "Mtaje aliyekutuma" ndiyo hapana.

Fundi Cherehani: Kwetu mkuu wa shule alitangaza atakayeanguka anafagia mabweni yote. Ikakoma siku hiyo hiyo 😂

Mwalimu wa Zamu: Na kwingine wametishwa hivyo hivyo, wakaanguka mara mbili yake. Usiifanye dawa.

Chausiku: Jamani, mdogo wangu yupo bweni na tumepigiwa simu leo, wenzake wameanza. Nikamchukue au?

Nyundo: Mchukue leo leo.

Mhaya Halisi: Akae kwanza mambo yapoe, mkumbuke Nshamba.

Mwalimu wa Zamu: Kama yeye hajaanguka, nenda ukamwone, mwongee, umsikilize kinachomkera pale. Akitaka kurudi nyumbani, rudi naye.

Dogo Janja wa Mbagala: Nenda na chipsi kuku. Jini gani linakataa chipsi kuku?