Naomba ushauri: Tirupati hadi Chennai kwa barabara, nikiwa na mama

Habari za humu wakuu.

Mdogo wangu anamaliza chuo Tirupati, kusini mwa India, na mama kang'ang'ania kwenda kwenye mahafali. Kurudi, ndege yetu inaondoka Chennai alfajiri, mwezi wa 11.

Kati ya miji hiyo ni kama kilomita 140 tu. Kinachonitisha ni mvua: Novemba Chennai inanyesha kwelikweli, na mwaka 2015 mafuriko yalifunga hadi uwanja wa ndege. Halafu Tirupati haipoi, mahujaji wa hekalu la Venkateswara kule juu Tirumala wanajaza vyombo vya usafiri mwaka mzima.

Basi ni nafuu, ila mengi yanaishia Madhavaram, kaskazini mwa jiji, wakati uwanja wa ndege uko kusini. Kuhangaika na teksi usiku, masanduku mkononi, na goti la mama likikaa limekunjwa muda mrefu linavimba kama andazi! Treni ipo, lakini Chennai Central nako ni kushuka na kupanda tena.

Nimeegemea teksi moja kwa moja. Waliowahi kukodi: kibali cha kuvuka kutoka jimbo la Andhra Pradesh (iliko Tirupati) kuingia Tamil Nadu (iliko Chennai) na tozo za barabara huwa ndani ya bei, au dereva anakudai njiani? Mvua ikichanganya, bora njia ya Puttur na Tiruttani, au ya Uthukottai? Na tuondoke mchana tukalale Chennai, au jioni inatosha?

"Uliza hotelini" nimeshaambiwa, kila hoteli ina binamu mwenye teksi.