Mama mdogo si mzazi? Kijana wangu wa Louisville, FAFSA, na mimi niliyeko Bukavu

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Jambo wandugu wote mlioko ng'ambo.

Nina kijana huko Louisville, Kentucky. Yuko darasa la 12, mwakani anamaliza. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mdogo wa marehemu ndiye aliyekimbia naye hadi Nakivale, Uganda, na kutoka huko wakapelekwa Marekani pamoja. Alipoondoka alikuwa na miaka sita. Leo naambiwa ananizidi urefu. Kwenye simu mimi naona uso tu.

Juzi mama yake mdogo alikwenda shuleni. Mshauri wa wanafunzi akawaambia kwamba bila fomu iitwayo FAFSA mtoto hatapata msaada wa serikali wa kulipia chuo. Wakaketi kuijaza. Mahali pa mzazi akaandika jina lake. Akaulizwa: wewe ndiwe uliyemzaa? Hapana. Ulimwasili mahakamani? Hapana. Basi wewe si mzazi. Wandugu, yule mama alilia. Amekesha na mtoto huyu akiwa na malaria kambini, amemsomesha kwa mshahara wa zamu ya usiku, na kwetu hakuna jina jingine la kumwita ila mama. Fomu inasema mzazi ni mimi, niliyekaa hapa Kadutu nikingoja umeme, na lazima niingie humo niweke sahihi.

Kwetu ukiwa na D6 yako, ile diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, mkononi unapanga mstari kwenye biro ya chuo, unalipa, umejiandikisha. Nisaidieni: naanzia wapi? Sina namba yoyote ya Marekani. Nafundisha hisabati sekondari, na mwezi wa kumi umeshaanza.


Kaka wa Dallas

Mwalimu, usijisumbue. Kijana aandike kwamba hajui baba yake aliko. Nani atakuja Kadutu kukutafuta?


Mama wa Des Moines

Kaka wa Dallas, niwie radhi, lakini hilo usimwambie mtu tena. Kifungu cha mkimbizi asiyeweza kumpata mzazi wake, au ambaye kumtafuta kungemhatarisha, kipo, na kimewaokoa watoto wengi wa kwetu. Ofisi ya misaada ya chuo ndiyo inayoamua, nayo inadai ushahidi. Lakini kijana huyu anaongea na baba yake kwenye WhatsApp! Aweke sahihi ya uongo kwenye karatasi ya serikali, halafu kesho aombe uraia? Achilia mbali serikali: baba yuko hai, anakula, anafundisha, na mtoto amwandike kama hayupo. Kwa wazee wetu ungelieleza vipi?

Mwalimu, sasa sikia. Nimepitia hii na watoto wawili.

FAFSA inamtambua aliyezaa, aliyeasili kisheria, na mke au mume wa mzazi. Mama mdogo, mjomba, bibi, hata akiwa ndiye anayelisha, hawamo. Mlezi aliyewekwa na mahakama kabla mtoto hajawa mtu mzima ni habari nyingine, maana hapo mtoto anahesabiwa anajitegemea, na wazazi hawaulizwi. Kama kijana hajafikisha miaka 18 mnaweza kuulizia, lakini korti haikimbii, msiingoje.

Kutokuwa na namba ya Social Security, ile namba ya utambulisho ya Marekani, si kizuizi. Tangu fomu ya mwaka 2024-2025 mzazi asiye nayo anafungua akaunti yake kwa kuonyesha kwamba hana. Mwaka ule wa kwanza mtambo ulitutesa, tuliingia na kutupwa nje wiki nzima. Siku hizi ni afadhali. Ikigoma kabisa, fomu ya karatasi ipo. Mnaijaza, unatia sahihi kwa kalamu, inatumwa kwa posta. Ni polepole, lakini ipo.

Fungua barua pepe yako mwenyewe, usitumie ya mtoto. Kisha angalia majina. Kadi yako ya mpiga kura ina matatu: jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la Kikristo). Fomu inataka jina la kwanza na la ukoo. Amueni leo lipi linakaa wapi, na liandikwe hivyo hivyo kila mahali, herufi kwa herufi. Dada yangu alianza na postnom kwenye akaunti, binti yake akaanza na jina kwenye fomu, mtambo ukasema hawa ni watu wawili. Tulipoteza mwezi.

Halafu kuna mahali pa kutoa idhini waangalie habari zako za kodi. Utasema, mimi sijawahi kulipa kodi Marekani, idhini ya nini? Itoe tu. Bila idhini yako mtoto hapati senti ya msaada wa taifa.

Kwa fomu ya 2026-2027 kipato wanachouliza ni cha 2024, kwa dola, kwa bei ya siku unayojaza. Kwa mshahara wa mwalimu wa Bukavu sioni kwa nini asipate Pell, ule msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo. Pell si mkopo, hairudishwi, na kwa mwaka 2025-2026 ukomo wake ni dola 7,395. Fomu ikibaki bila habari za mzazi, kwa kawaida kinachobaki ni mkopo ambao riba yake inaanza siku ile ile ya kukopa. Na wahini: Kentucky inagawa msaada wake wa jimbo kwa waliotangulia, fedha zikiisha zimeisha.

Swali moja la maana: kwenye faili ya HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kijana aliandikwa nani wa mama mdogo? Mtoto au mpwa? Fomu isije ikapingana na faili.


Mwalimu wa Kadutu

Aliandikwa mpwa. Mungu ni mkubwa, mama mdogo alikataa kudanganya hata pale Nakivale.

Aksanti sana, mama. Mwaka 2024 benki zetu zilikuwa bado wazi, kwa hiyo karatasi za mshahara ninazo. Tangu zilipofungwa Februari 2025 ningekuonyesha nini? Ile prime ya wazazi, nyongeza wanayotulipa walimu, nayo niihesabu? Inakuja mwezi huu, mwezi ujao haiji.


Mama wa Des Moines

Jumlisha yote uliyopokea 2024, na prime ndani. Wewe si mwalimu wa hisabati?


Binti wa Columbus, mwaka wa pili chuoni

Shikamooni wazee. Papa Mwalimu, naongeza dogo tu. FAFSA ni ya pesa. Maombi ya chuo ni kazi nyingine. Kama kijana anakula chakula cha bure shuleni, Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, inamsamehe ada ya kuomba, asilipe popote kabla ya kuuliza. Barua za walimu aziombe sasa, walimu wa huku wanaelemewa Desemba.

Ile insha ya maneno 650, watamsukuma aandike vita. Mimi nilisukumwa. Niliandika kurasa mbili za risasi, nikazisoma, nikaona si mimi, ni redio. Mwishowe nikaandika jinsi nilivyokuwa mkalimani wa mama kwa daktari nikiwa na miaka 12, na neno nililokataa kumtafsiria. Vyuo vitatu vilinikubali. Kijana akumbuke kitu ambacho ni yeye peke yake anayekijua.


Mama mdogo, Louisville

Shemeji, mimi sikulia. Nilikuwa nimetoka zamu, macho yalikuwa mekundu.

Nimesoma yote. Tuijaze pamoja Jumatano, saa nne usiku ya kwenu, hapa ni saa kumi alasiri: mtoto ametoka shule na mimi sijaenda kazini. Tusivuke Oktoba, maana Novemba saa za huku zinarudi nyuma tutachanganyikiwa. Chaji simu mapema, umeme ukikatika utumie data. Msimbo ukifika kwenye barua pepe usome haraka, haukai.

Na picha ya kadi ya mpiga kura piga upya, pande zote mbili. Ile uliyotuma kidole chako kimefunika postnom.