Tupeane uzoefu: kifua kikuu katika familia zetu, tangu enzi za sindano hadi vidonge vya miezi sita

Mwanzisha mada, Kaloleni
Ndugu zangu, naomba tusimuliane jinsi ugonjwa huu ulivyopita majumbani mwetu. Marehemu babu yangu, aliyekuwa kibarua wa reli, aliugua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyanya alitueleza kwamba alidungwa sindano kila siku hata akawa halali chali, na kikohozi kilipokwisha, masikio nayo yalikuwa yamezibika, hivi kwamba kabla ya kumsemesha ilikubidi umguse bega. Sisi wajukuu tulidhani ni uzee. Baadaye nilifahamu kwamba dawa ile, streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ndiyo iliyokuwa antibiotiki ya kwanza kuwashinda bakteria ambao Robert Koch aliwatangaza Berlin mwaka 1882, lakini huweza kudhuru usikivu. Siilaumu hata kidogo, kwani mama yangu alizaliwa mwaka 1966, babu akiwa amekwisha kupona.

Mchangiaji, Kariobangi
Mimi niliugua mwenyewe mwaka 2011, nikiwa fundi cherehani katika chumba kisicho na dirisha. Kwa miezi miwili duka moja la dawa liliniuzia dawa ya kikohozi, chupa baada ya chupa, wala hakuna aliyenishauri nikapimwe makohozi, na jambo hilo linaniuma hadi leo kwa sababu mwanangu mdogo alikuwa akilala kando yangu. Siku ya kwanza ya vidonge, mkojo ulitoka rangi ya chungwa iliyokolea. Nilirudi zahanati mbio nikilia, na muuguzi akanieleza kwa upole kwamba ni rifampisini tu, mojawapo ya dawa nilizomeza. Mtoto alipimwa, akapewa dawa ya kinga, na hakuugua.

Mchangiaji, muuguzi mstaafu, Umoja
Dada wa Kariobangi, pole sana. Nilipoanza kazi mwaka 1974, mgonjwa alitumia dawa miezi 18: sindano mwanzoni, kisha vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni. Baada ya miezi miwili alipata nguvu, mvua zikanyesha, akaenda ushago kulima, na tulipomwona tena alikuwa anakohoa damu. Watu wengi hawajui kwamba utafiti uliothibitisha kuwa miezi 6 inatosha, rifampisini ikiwemo, ulifanywa kwa wagonjwa wa hapa Afrika Mashariki, wakishirikiana na watafiti wa Uingereza, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972. Dawa yenyewe ilikuwa ghali, kwa hiyo tuliisubiri miaka mingi.

Kisha UKIMWI ukaja. Niliwaona wagonjwa wakibambuka ngozi kama walioungua kwa maji moto, nasi tukaendelea kuwapa dawa ileile bila kujua kwamba ndiyo iliyowadhuru. Utafiti wa hapahapa Nairobi, uliochapishwa mwaka 1991, ulibainisha kuwa chanzo kilikuwa thiasetazoni kwa wenye virusi. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 19, na ni mimi niliyekuwa nikimmezesha vidonge vile kila asubuhi, nikimshikia kikombe cha maji.