Naomba ushauri: potasiamu inasoma juu, mgonjwa hana neno

Wenzangu wa maabara na wodini, salaam. Hospitali ya kufundishia hapa Mombasa: sampuli za asubuhi kutoka wodi moja zafika na seramu (maji ya damu iliyoganda) nyekundu, yaani chembe zimepasuka na kumwaga potasiamu yake; potasiamu 6.8 mmol/L, juu mno, tukichota upya, 4.3, ya kawaida. Kalisiamu iko sawa, kwa hivyo si dawa ya kuzuia kuganda (EDTA) ya chupa ya zambarau iliyoingia, maana hiyo hupandisha potasiamu na kushusha kalisiamu. Wanafunzi walikuwa wakivuta bomba la sindano kwa nguvu na kusukuma damu chupani kupitia sindano. Tumewarekebisha, imepungua tu. Chupa hukaa saa mbili dirishani zikingoja mbebaji, na joto letu mwalijua.

Je, tuweke mashine ya kuzungusha damu (kutenga seramu na chembe) wodini, tuzungushe baada ya dakika 30 za kuganda? Na mkikataa sampuli, daktari aliyechacha mnamwambiaje?