Mrejesho: Nimehamia AlmaLinux 9

Ndugu zangu, niliomba ushauri hapa kuhusu mfumo wa Linux wa kuweka kwenye seva yangu yenye tovuti 14 za wateja, kwa kuwa CentOS 7 niliyokuwa nikiitumia iliacha kupokea masahihisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024. Wengi mlinielekeza kwenye Debian 12, nami naiheshimu sana. Lakini masahihisho yake, hata kwa kuhesabu muda wa nyongeza, yanaishia mwaka 2028, ilhali ya AlmaLinux 9, mfumo mwingine wa Linux ambao ndio niliouchagua, yanafika 2032, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake miaka hiyo minne ina uzito mkubwa.

Sikujaribu kupandisha toleo kwenye seva ileile ya zamani. Nilikodi seva mpya, nikahamisha mafaili kwa rsync (programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta) hadi kwenye /home, kisha nikayasogeza kwa mv hadi /var/www, folda ya tovuti, na hapo kila tovuti ikarudisha kosa la 403 (yaani, hairuhusiwi kufunguliwa) ingawa ruhusa zote zilikuwa sahihi. Chanzo kilikuwa SELinux, ulinzi wa Linux unaotumia lebo za mafaili kuamua programu ipi isome faili lipi: amri ya mv huacha faili na lebo yake ya zamani, na Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti, hairuhusiwi kusoma faili lenye lebo hiyo. Amri ya restorecon -R /var/www, inayorudisha lebo sahihi, ilimaliza tatizo, kwa hiyo nawasihi msiizime SELinux kwa haraka.

Tovuti moja tu bado imekwama, kwa sababu inategemea mysql_connect, amri ya zamani ya lugha ya PHP ya kuunganisha tovuti na hifadhidata, iliyoondolewa tangu PHP 7.0, ninaiandika upya wiki hii. Asanteni sana.