Wambui kwenye foleni ya Malkia (kikundi cha familia, Ijumaa 16 Septemba 2022; Shosho ni bibi, Guka ni babu)

Wambui: Habari za asubuhi familia. Nimetoka Westminster Hall sasa hivi. Masaa tisa kwenye foleni ya kuaga jeneza la Malkia Elizabeth, miguu si yangu 😩

Anko Kamau: Masaa tisa kwa Malkia wa Uingereza? Wambui, umerogwa?

Anti Njeri: Kamau, muache mtoto aseme. Ulilala wapi?

Wambui: Kulala wapi, Anti! Niliunga foleni jana saa nne usiku, huko Bermondsey. Unafungwa utepe wa nambari mkononi ndio ukienda msalani usipoteze nafasi. Halafu ni kando ya mto Thames, hatua tano, simama, hatua tano, simama.

Kevo: Na ndani?

Wambui: Kimyaaa. Kila dakika 20 kunagongwa fimbo sakafuni, walinzi wanabadilishana. Picha hairuhusiwi. Unapita mbele ya jeneza, sekunde chache, uko nje.

Anko Kamau: Baba wa huyo Malkia alipokufa Februari 1952, Malkia alikuwa huku kwetu Kenya, hoteli ya Treetops, ametoka kutazama ndovu. Oktoba mwaka huo huo Waingereza wakatangaza hali ya hatari kupambana na Mau Mau, yeye akiwa ndiye Malkia. Shosho yako alihamishwa kwa nguvu kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki. Leo wewe unampangia foleni.

Wambui: Najua, Anko. Sikwenda kumlilia. Ukweli nilikwenda kuwacheka kidogo.

Wambui: Sasa mbele yangu kulikuwa na mzee, tai nyeusi, medali kifuani. Nikamuuliza kama aliwahi kumwona Malkia. Hata siku moja! Mkewe alikufa 2020 kwa Korona, hakuruhusiwa kumuaga hospitalini. Mwaka uliofuata akamwona Malkia kwenye TV akimzika mumewe Philip, ameketi peke yake na barakoa, waombolezaji 30 tu. Akaniambia, "Huyu naruhusiwa kumuaga."

Anti Njeri: Huyo nimemwelewa.

Kevo: Wengine si walitaka tu kusema walikuwepo?

Wambui: Tele. Nyuma yangu wasichana wawili walikuja kwa sababu hiyo hiyo. Kufika saa tisa usiku wanagawa biskuti na wanajua majina ya watu kumi. Mimi mwenyewe sijaongea na watu wengi hivyo tangu nihamie London.

Anko Kamau: Kwani huko mpaka kuwe na maiti ndio msalimiane?

Wambui: 😂 Karibu hivyo.

Kevo: Niko na Shosho hapa, nimemsomea yote. Anauliza, ulipofika kwa jeneza ulifanya nini?

Wambui: Nilisimama tu, Shosho. Sikuinama. Nilimkumbuka Guka. Siku mnamzika nilikuwa natazama kwa simu, mtandao ukapotea kabla kaburi halijafunikwa.

Kevo: Amenyamaza.

Anti Njeri: Mpatie maji.

Kevo: Yuko sawa. Anauliza huyo mzee wa medali alipigana vita gani.

Wambui: Sikumuuliza, Shosho.